Ukumbi wa Kuteleza wa White City, Chicago

Wasikilizaji wetu, mmezoea kusikia katika mazungumzo haya habari za wafalme, vita, na safari za mabaharia. Leo tunawaletea historia ya mahali pa kuchezea. Pengine mzee mmoja atasema, “Mchezo una historia gani?” Twamwomba atuvumilie. Sisi tulio walimu twajua ya kuwa tabia ya mtoto haijulikani darasani peke yake. Darasani hukaa kimya kwa kumwogopa mwalimu. Lakini uwanjani, akiwa na mpira mkononi, ndipo huonekana kama ni mtu wa haki au mtu wa choyo. Miji nayo ni vivyo hivyo. Mji wa Chicago katika Marekani ulikuwa na sheria nzuri iliyoandikwa, lakini ukumbi mmoja wa mchezo ulionyesha kwa miaka mingi jinsi sheria hiyo ilivyofuatwa.

Kwanza hapana budi kueleza mchezo wenyewe. Mtu huvaa viatu vilivyofungwa magurudumu manne madogo chini yake, mawili mbele na mawili nyuma. Hatembei kwa kupiga hatua, bali husukuma mguu mmoja kwa pembeni, na mguu wa pili humchukua mbele. Asiyejua huanguka mara moja, kama mtu aliyekanyaga gololi za watoto sakafuni. Aliyezoea huenda kama baiskeli iteremkayo mlima, akazunguka na kurudi kinyumenyume bila kugusa mtu. Mchezo huu huchezwa katika jumba kubwa lenye sakafu laini, mara nyingi ya mbao ngumu, watu wote wakizunguka upande mmoja huku muziki unapigwa. Jumba hilo ndilo tutakaloliita ukumbi wa kuteleza.

Viatu hivi vilitokea Ulaya. Yasimuliwa ya kuwa katika miaka ya 1760 fundi mmoja aliyeitwa John Joseph Merlin, mzaliwa wa Huy katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, alikwenda kwenye karamu mjini London amevaa viatu vya magurudumu alivyovitengeneza mwenyewe, naye akipiga fidla huku anateleza. Viatu vyake vilikwenda mbele vizuri sana, lakini havikujua kugeuka wala kusimama. Basi Merlin akaenda moja kwa moja hata akagonga kioo kikubwa cha thamani ya zaidi ya pauni 500. Kioo kikavunjika, fidla ikavunjika, na mwenyewe akaumia vibaya.

Ilipita miaka mia moja kabla ya kasoro hiyo kuondolewa. Mwaka 1863 James Plimpton wa New York aliandikisha kiatu kipya ambacho magurudumu yake hugeuka mtu anapoinamisha mwili upande mmoja. Mwaka 1884 Levant Richardson akaandikisha magurudumu yenye gololi za chuma ndani yake, nayo yakazunguka kwa wepesi zaidi. Hivyo mchezo uliokuwa wa hatari ukawa mchezo wa watoto, vijana, na wazee. Lakini yafaa tukumbuke jambo moja. Plimpton alipofungua ukumbi katika mji wa Newport mwaka 1866, alitaka uwe mahali pa watu wenye elimu na cheo, wala si pa kila mtu. Tangu siku za mwanzo, basi, watu walisimama mlangoni pa ukumbi wakiulizana nani aingie na nani abaki nje.

Sasa twende Chicago. Mwaka 1893 mji huo ulifanya maonyesho makubwa ya dunia nzima, kukumbuka miaka 400 tangu Columbus alipofika Amerika. Majumba makubwa yalijengwa kando ya ziwa Michigan, yakapakwa rangi nyeupe, na usiku yakamulikwa kwa taa za umeme, ambazo watu wengi walikuwa hawajapata kuziona. Kwa ajili ya weupe huo watu waliyaita maonyesho White City, yaani Mji Mweupe. Hesabu ya walioingia kwa muda wa miezi sita ilipita milioni 27.

Wamarekani weusi hawakupewa nafasi yao ya haki katika maonyesho hayo. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akajikomboa kwa kutoroka, alikuwapo, lakini alikuwako kwa niaba ya nchi ya Haiti, wala si kwa niaba ya nchi yake mwenyewe. Yeye, pamoja na bibi Ida B. Wells na wenzao, walichapa kijitabu kueleza kwa nini Mmarekani mweusi hakuonekana katika maonyesho, wakakigawa kwa wageni hapo hapo. Kwa hiyo jina la White City lilikuwa na manung’uniko ndani yake tangu lilipozaliwa.

Maonyesho yakaisha na majumba yakaondoka, lakini jina likabaki. Mwaka 1905 wafanya biashara walifungua bustani ya maburudisho upande wa kusini wa Chicago, penye njia ya 63 na barabara iliyoitwa South Park, nao wakaiita White City. Palikuwa na mnara uliopambwa kwa maelfu ya taa za umeme, vigari vya kupanda na kushuka kwa kasi juu ya reli, kumbi za dansi, na ukumbi wa kuteleza. Wafanya kazi wa viwanda walifika kwa gari moshi na kwa gari za umeme, pamoja na wake zao na watoto wao, wakapumzika baada ya juma zima la kazi.

Katika bustani hiyo hiyo, mwaka 1919, kampuni ya Goodyear iliunganisha chombo cha kuruka kilichojazwa hewa nyepesi ya haidrojeni. Tarehe 21 Julai chombo hicho kilishika moto juu ya mji, kikaanguka ndani ya benki kupitia paa la kioo, na watu 13 wakafa. Mji ulikuwa bado katika matanga ulipopatwa na msiba ulio mkubwa kuliko huo.

Tarehe 27 Julai mwaka huo, siku ya joto kali, kijana mweusi jina lake Eugene Williams alikuwa akiogelea ziwani na wenzake. Pwani ile haikuwa na ukuta wala sheria ya kutenga watu, lakini desturi ilikuwa imechora mstari majini, weusi upande huu na weupe upande ule. Kijana akavuka mstari usioonekana. Mzungu mmoja akawarushia mawe, na Eugene akafa maji. Polisi hakumkamata aliyetupa mawe. Ghasia zikazuka, zikadumu siku kadhaa, wakafa watu 38, weusi 23 na weupe 15. Angalieni, wasikilizaji, ya kuwa vita hivyo vilianzia mahali pa kuchezea.

Ili mwelewe kwa nini chuki ilikuwa imepanda hivyo, yafaa mjue ya kuwa katika miaka hiyo watu weusi walikuwa wakihama kwa wingi kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na kuuawa ovyo na makundi ya wazungu. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi wapatao 44,000. Mwaka 1920 walikuwa 109,000, na mwaka 1940 walizidi 277,000. Lakini nafasi ya kukaa haikuongezeka kadiri ya watu. Wazungu wenye nyumba walitiliana sahihi mapatano ya kutomuuzia wala kumpangishia mtu mweusi. Watu wakasongamana katika ukanda mwembamba upande wa kusini, nao ukanda huo ukazidi kurefuka hata ukaikaribia White City.

Mwaka 1937 bwana Carl Hansberry, mweusi, alinunua nyumba katika mtaa wa Washington Park, mwendo mfupi kwa miguu kutoka lango la bustani ile. Majirani walimshitaki ili atolewe. Kesi ikafika mahakama kuu ya Marekani, naye akashinda mwaka 1940. Binti yake Lorraine, aliyekuwa mtoto siku zile, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza. Hivyo watoto weusi wakawa wanakaa karibu na ukumbi wa kuteleza, lakini walipofika mlangoni walikataliwa.

Hapo mtauliza: Je, sheria ya nchi iliruhusu hayo? Hapana, wala hilo ndilo jambo kubwa katika hadithi yetu. Mwaka 1885, yaani miaka 20 kabla bustani haijafunguliwa, baraza la jimbo la Illinois lilitunga sheria iliyokataza kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya rangi yake katika mahoteli, mikahawa, nyumba za michezo, na mahali pengine pa watu wote. Aliyeipeleka sheria hiyo barazani alikuwa John W. E. Thomas, aliyezaliwa utumwani Alabama, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza lile. Sheria ilikuwapo, na maneno yake yalikuwa wazi. Lakini sheria haina mikono. Ilikaa kitabuni kama jembe lililotundikwa ukutani, na shamba likaota magugu.

Tena wenye ukumbi walikuwa na hila. Hawakumwambia mtu mweusi ya kuwa amekataliwa kwa rangi yake, maana hilo lingewapeleka mahakamani. Walimwambia ya kuwa jioni hiyo ukumbi umekodiwa na chama cha watu maalumu, na asiye na kadi ya chama haingii. Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na aliyeambiwa akarudi nyumbani. Hata kama alijua moyoni ya kuwa ni uongo, angewezaje kuuthibitisha akiwa peke yake?

Ikaja miaka ya 1930, miaka ya dhiki ya biashara. Bustani ya White City ilikwisha kupatwa na mioto, na sasa fedha zikakosekana. Michezo yake ikafungwa mmoja mmoja, vyuma vikaota kutu, na majengo yakabomolewa. Lakini ukumbi wa kuteleza ulibaki, maana mchezo unaochezwa chini ya paa hauzuiwi na mvua wala theluji. Pale palipokuwa na mnara wenye maelfu ya taa pakabaki mabomoko, na katikati yake jumba moja ambamo magurudumu yaliendelea kuzunguka.

Mwaka 1942 vijana wachache, weusi na weupe, walianzisha Chicago chama kilichoitwa CORE, cha kutafuta usawa wa watu wa rangi zote. Miongoni mwao walikuwa James Farmer, mtoto wa mchungaji wa kanisa kutoka Texas, George Houser, na bibi Bernice Fisher. Vijana hawa walikuwa wamesoma habari za Gandhi na jinsi alivyoshindana na serikali ya Waingereza huko Bara Hindi bila kushika silaha. Wakajiwekea kanuni. Kwanza, kuchunguza jambo hata lijulikane kwa hakika. Pili, kwenda kuzungumza na mwenye kosa kwa adabu. Tatu, akikataa, kuwatangazia watu. Nne, yote hayo yakishindwa, kusimama mbele ya mlango wenyewe bila matusi wala ngumi, hata kama wao wakipigwa.

Kanuni hizo waliziweka kazini katika ukumbi wa White City mwaka ule ule wa 1942. Wenzao weupe walitangulia, wakauziwa tiketi bila kuulizwa kadi yoyote. Kisha weusi na weupe wakaja pamoja, nao wakaambiwa neno lile la kale, ya kuwa leo ni zamu ya chama maalumu. Sasa uongo ulikuwa na mashahidi. Mtu aliyezuiwa mlangoni hakuwa peke yake tena, maana ndani walikuwamo rafiki zake walioingia bila kadi, nao waliweza kuapa juu ya hayo.

Msidhani, hata hivyo, ya kuwa mlango ulifunguka siku ile. Miaka mitatu ikapita, nayo ilikuwa miaka ya vita vikuu. Vijana weusi wa Chicago walipelekwa kupigana ng’ambo, wakavuka bahari kuupiga vita utawala wa Hitler uliohubiri ya kuwa kabila moja ni bora kuliko mengine yote. Waliporudi mwaka 1945 waliukuta ukumbi wa jirani yao umefungwa kwao kama walivyouacha.

Mapema mwaka 1946 CORE waliurudia mlango ule. Walisimama nje katika baridi ya Chicago, ambayo hugandisha maji ya ziwa, wameshika mabango, wakizunguka polepole mbele ya jengo ambamo wengine walizunguka kwa magurudumu. Nao hawakutegemea mabango peke yake, bali waliitumia pia ile sheria ya 1885. Hatimaye wenye ukumbi wakakubali. Katika mwaka huo wa 1946 watu weusi waliingia, wakavaa viatu, wakateleza. Tangu sheria kutungwa hata siku hiyo ilikuwa miaka 61. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sheria alikuwa mzee mwenye wajukuu.

Yafaa tuseme pia ya kuwa si kila mahali palikuwa hivyo. Mwaka uo huo wa 1946, katika bustani ya Euclid Beach mjini Cleveland, watu waliokuja kudai haki kama hiyo walipigwa na walinzi, na askari polisi mmoja mweusi wa mji akajeruhiwa kwa risasi mguuni. Baraza la mji likatunga sheria mwaka 1947. Wenye bustani wakaukodisha ukumbi wao wa kuteleza kwa chama maalumu, ili wachague wenyewe wa kuingia. Mnaona, basi, ya kuwa hila ya kadi haikuwa ya mtu mmoja, wala haikufa kwa pigo moja.

Ukumbi wa White City ulipewa baadaye jina jipya, Park City, na lile neno “nyeupe” likaondoka. Juu ya sehemu kubwa ya kiwanja cha bustani, kati ya mwaka 1950 na 1955, zilijengwa nyumba ziitwazo Parkway Gardens: majengo 35 yenye makao 694. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa watu weusi walioshirikiana kuyamiliki, yaani mpangaji na mwenye nyumba walikuwa mtu mmoja. Katika makao hayo aliishi kwa muda, akiwa mtoto mdogo, Michelle Robinson, aliyezaliwa mwaka 1964. Baadaye aliolewa na Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, na mwaka 2009 wakaingia pamoja katika nyumba ya rais wa Marekani. Hatutaki kuwadanganya ya kuwa mambo yote yalikwenda vyema: ushirika ule haukudumu, na miaka ya baadaye mtaa huo ulipatwa na umaskini na mauaji ya vijana. Lakini pale ambapo mtoto mweusi alifukuzwa mlangoni, watoto weusi walipata mlango wao wenyewe wa kufungua.

Mchezo wenyewe nao haukusahau. Mwezi wa Agosti mwaka 1963, watu walipokuwa wakijiandaa kwa maandamano makubwa ya Washington, mtelezi mweusi wa Chicago aitwaye Ledger Smith aliamua kwenda huko kwa viatu vya magurudumu. Alikwenda karibu maili 700 kwa siku 10, amevaa kifuani kibao chenye neno la uhuru, akafika kabla ya mkutano wa tarehe 28 Agosti.

Wasikilizaji wetu, twaweza kufikiri ya kuwa kuteleza kwa magurudumu ni jambo dogo, na ya kuwa watu wale wangetafuta kazi na chakula kwanza. Lakini wazee wetu wa Nairobi na Dar es Salaam, waliozuiwa milangoni pa mahoteli enzi za ukoloni, wanajua ya kuwa njaa ya tumbo na aibu ya kufukuzwa mbele ya watoto wako ni maumivu mawili yasiyofanana, na moja haliponyi jingine. Mzazi aliyerudi nyumbani kutoka lango la White City ilimbidi kumjibu mtoto wake aliyemwuliza, “Baba, kwa nini wao wanaingia?”

Nanyi wanafunzi, mkisoma katika vitabu ya kuwa mwaka fulani sheria nzuri ilitungwa, msifunge kitabu hapo. Ulizeni ni nani aliyekwenda mlangoni, alikwenda na nani, na alirudi mara ngapi. Katika habari ya leo jibu la maswali hayo lilichukua miaka 61. Kwaherini hata mazungumzo mengine.